Mashine ya Mguu Mfupi

Juzi nilikwenda Gerezani kutafuta pampu ya maji. Ya nyumbani kwangu imechoka, inanguruma bila kuvuta kitu, na mwanangu akanielekeza duka moja karibu na kituo cha mwendokasi, akanionya nisikubali bei ya kwanza. Duka nikalipata. Nikaingia, na kabla sijasema nimefuata nini, nikaziona. Zilikuwa zimening'inizwa kwenye ubao ukutani, zimepangwa safu, vichwa vyao vimefunikwa nailoni: mashine za boti. Nikasimama kuzitazama. Kijana wa dukani, mchangamfu, akadhani kapata mteja.

"Shikamoo mama, karibu sana. Unataka mguu mfupi au mrefu?"

Nadhani hata marahaba sikuitikia. Machozi yalinitoka, mtu mzima mimi, katikati ya duka la watu. Wapo wanaolizwa na wimbo wa zamani, na wapo wanaolizwa na harufu ya pilau. Mimi nililizwa na swali la muuza mashine. Kaa basi nikusimulie, maana wewe ni mwenzangu, na mambo haya watoto wangu nikiwaambia wanatazama simu.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, katika nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyumba zote za mtaa ule. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna uani, ambako maisha yenyewe ndiko yalikokuwa. Kila mpangaji na jiko lake la mkaa, na ukipita asubuhi ulijua nani leo ana sukari na nani anakunywa chai ya chumvi. Bomba lilikuwa moja, la mwenye nyumba, na lilitoa maji kwa mapenzi yake. Usiku wanawake waliweka ndoo foleni, kila ndoo na alama yake, na mtoto aliyethubutu kuisogeza ndoo ya mtu aliujua mkono wa mama yake. Mbele barazani alikaa fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha kwanza, mtani wa Baba. Kabila lake na la Baba yanataniana tangu enzi za mababu, na yeye kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko kushona.

Baba alifanya kazi karakana ya reli. Alirudi jioni na harufu ya grisi, akanawa mikono kwa sabuni ya kipande na mchanga, na bado kucha zilibaki nyeusi. Lakini moyo wake haukuwa kwenye reli. Alitoka kusini, pwani, katika kijiji kilichokaa kwenye hori, yaani mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu, na mikoko pande zote. Maji yake, alisema, hayakujua wimbi. Yalilala. Babu yangu alikuwa na mashua pale, na nyuma ya mashua ile palikuwa pafupi mno hata Baba alipokuwa mtoto alitupa mguu mmoja tu, akawa ndani. Hadithi ya kutupa mguu tuliisikia kila alipokula samaki. Mama akiweka mezani changu wa kukaanga, basi mashua ya babu imeshafika.

"Enda tezi, enda omo, marejeo ni ngamani," Baba alimaliza kila mara. Nilipouliza, aliniambia kwamba hata uzunguke nyuma na mbele ya chombo, mwisho unarudi pale chini katikati, penye kujaa maji. Mtu ni hivyo hivyo, anarudi kwao. Mama, ambaye alizaliwa Ilala na hakuwa na kwao kwingine, alikuwa akisikia maneno hayo anaanza kukusanya vyombo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Miaka ile ilikuwa ya Ujamaa, na kijiji cha Baba kilikuwa kimehamishwa. Watu walitolewa kule horini wakapelekwa mahali pengine, mbali kidogo na pale, penye shule na zahanati. Baba alizipata habari hizo kwa wasafiri, lakini mahali penyewe hakuwahi kupaona. Mdogo wake, baba yangu mdogo, alikuwa huko na wenzake wakivua kwa makasia. Wakakubaliana kwa salamu za wasafiri hao hao: wanakijiji watatengeneza mashua mpya, Baba ataleta mashine, na siku mashine itakapofungwa, Baba ataacha reli na kurudi, awe yeye mshika mashine wa kijiji. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kurudi kwao. Hakutaka kurudi mikono mitupu akaonekana mji umemshinda. Alitaka kurudi mtu mwenye kitu ambacho wenzake wanakihitaji.

Basi Jumamosi zetu zikawa za mashine. Baba akitoka kazini mchana ananishika mkono, tunapita Mnazi Mmoja kununua mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tunaila tukitembea, kisha tunaingia dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vyuma, mashine na vipuri. Miwani yake ilishikwa na uzi upande mmoja. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia na kunipa nati iliyoharibika nichezee.

"Bwana fundi, leo umekuja kununua au kutazama tena?"

"Kutazama."

"Tazama, tazama. Mashine haiishi kwa kutazamwa."

Na kweli Baba alitazama. Alizijua mashine zile kuliko alivyotujua sisi wanawe, nasema bila kinyongo. Kulikuwa na moja kubwa, inang'aa, nguvu tele. Vijana wote walioingia dukani waliishika. Baba aliikataa. Alisema mashine kubwa ni kama mgeni mkubwa, utamlisha nini? Petroli yenyewe ya kubembeleza. Akachagua ndogo, iliyotumika kidogo, ya chapa ambayo plagi zake na pini zake zilipatikana hata Buguruni kwa mafundi wa chini ya turubali. Akachagua panga lake, lile linalokata maji, la mabawa mapana badala ya membamba, kwa sababu mashua ya mvuvi haikimbii, inabeba. Gia ilikuwa ya mbele tu. Kurudi nyuma, uligeuza mashine yenyewe kwa mkono. Mzee akamwambia akipenda atamtafutia yenye gia ya kurudi nyuma.

"Ya nini?" Baba akasema. "Mvuvi harudi nyuma. Anarudi nyumbani."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilijivunia maneno yale mpaka nikayarudia shuleni, na mwalimu akaniuliza nimeyatoa wapi.

Likabaki jambo la mguu. Mashine ya boti, kama hujaijua, kichwa chake kinakaa juu, kimeng'ata ubao wa nyuma ya mashua, na mguu unashuka mpaka majini, ambako panga linazunguka. Mashua ya nyuma fupi inataka mguu mfupi. Ya nyuma ndefu inataka mguu mrefu. Mzee alikuwa nazo mbili za chapa ileile, moja ya mguu huu na nyingine ya mguu ule, zimesimama bega kwa bega.

"Nyuma ya mashua yako ina kimo gani?" akauliza.

Baba akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake. "Hapa."

"Umeipima?"

"Naijua."

"Tuma mtu apime, bwana fundi. Mimi nakuwekea zote mbili. Sina haraka."

"Mzee, mtu hapimiwi kwao."

Yule mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi kwetu nilitoka mdogo kama huyu binti yako. Mlango wa nyumba yetu naukumbuka mkubwa sana. Ukiniambia ninunue mbao za mlango ule leo, nitanunua nyingi za bure."

Baba alitabasamu tu, kwa adabu. Akagusa ile ya mguu mfupi.

Nyumbani Mama naye alisema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho. "Si umtumie mdogo wako salamu, apime, akujibu? Kuna shida gani?"

"Nikiuliza kimo cha mashua ya kwetu, nitakuwa nimewaambia kwamba mimi ni mgeni."

Nimeyafikiria maneno yale miaka yote hii. Hakuwa mjinga, Baba yangu. Alikuwa na aibu ya mtu aliyekaa mbali muda mrefu, na aibu ile ndiyo iliyochagua mashine.

Ikafika nyumbani kwa mkokoteni, Jumapili, mtaa mzima umesimama. Na hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao sijauona penginepo. Mashine ya boti haiwashwi kavu, itaungua, kwa maana inapoozwa na maji. Baba akaleta pipa kutoka karakana, akalisimamisha uani, akaifunga mashine ukingoni, mguu ndani ya pipa. Lakini pipa linajazwa na nini, na bomba linatoa kijito cha uzi? Mtani wake akasimama mlangoni mwa ukumbi akatangaza kama mtu wa mnada: "Anayetaka kusikia kusini kunavyonguruma, alete ndoo."

Wakaleta. Kila chumba ndoo moja, na majirani wa ng'ambo, na mwenye nyumba mwenyewe, ambaye siku zote alitusimamia bombani. Yalikuwa maji waliyoyakeshea, na waliyamimina kwa kicheko. Baba akachanganya petroli na oili kwenye chupa ya soda, akatia kidogo kwenye tangi, akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena. Ikawaka, na uani kwetu kukajaa mlio na moshi wa bluu, maji yakachemka povu ndani ya pipa, kuku wakaruka ukuta, watoto wakapiga makofi. Baba aliweka mkono juu ya kichwa cha mashine akatazama mbele, macho yakaupita ukuta wa jirani, akatazama mbali kabisa. Mama alikuwa anaanua nguo zake kwa hasira zisishike moshi.

Ilipofika likizo ya shule tukaondoka, Baba na mimi. Mama hakutaka kuja. Alisema atakuja mashua ikishaonekana inakwenda. Lakini kanga yake nzuri ndiyo aliyoifungia mashine, ili isikwaruzike. Basi lilijaa magunia na kuku, tukavuka Rufiji kwa kivuko, tukasukuma basi kwenye matope, na njia nzima Baba alikaa na mashine katikati ya miguu yake, akiwaeleza abiria wasiouliza.

Tulipofika, kijiji kizima kilikuja ufukweni. Wanawake walikuwa na vigelegele tayari. Baba mdogo alikuwa mrefu kuliko Baba, mwenye sauti ya chini. Akamwamkia kaka yake kwa mikono miwili, akatuongoza kwenye mashua. Ilikuwa nzuri, mbao mpya, bado inanukia utomvu. Na nilimwona Baba akisimama ghafla.

Hakukuwa na hori. Mbele yetu palikuwa na bahari wazi, na mawimbi yalikuja moja nyuma ya jingine na kuanguka mchangani kwa kishindo. Nyuma ya mashua ilimfika Baba kiunoni.

Wakaifunga mashine, wakaisukuma mashua mpaka maji ya kifuani, Baba akapanda akavuta kamba. Iliwaka mara moja, na ililia vibaya, mlio mkali ambao sikuwahi kuusikia uani kwetu. Panga lilikuwa linazunguka nusu hewani. Lilitupa povu na matone juu, likatafuna hewa, na mashua ikabaki palepale ikipandishwa na kushushwa na mawimbi. Vigelegele vikaanza, vikapungua, vikaisha. Baba akazima.

Waliirudisha pwani kwa makasia. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia kila neno.

"Kaka," baba mdogo akasema polepole, "mashua hii siyo ya baba."

"Naona."

"Kule maji yalilala. Hapa wimbi linakufuata na nyuma. Fundi kainua nyuma lisituingilie."

"Tukikata hapa kidogo? Pa kukaa mashine tu."

"Ukikata, wimbi la kwanza liko ndani. Wewe hulijui wimbi la hapa."

Hulijui. Alilisema bila ubaya wowote. Baba alikaa mchangani akaanza kuifuta mashine kwa kanga ya Mama, akaifuta chumvi yote, mpaka mahali ambapo haikugusa maji. Wanakijiji walitupikia wali wa nazi na samaki, wakatupa zawadi za korosho, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walimtunza Baba vizuri sana, jinsi mgeni anavyotunzwa.

Tukarudi Dar na mashine yetu. Baba alikwenda moja kwa moja kwa yule mzee kubadilisha, na ile ya mguu mrefu ilikuwa imeshachukuliwa na mtu wa Mafia. Mzee hakusema nilikuambia. Alisema ataagiza mguu mrefu peke yake, wa kubadilisha. Lakini unazikumbuka siku zile. Hata wembe uliagizwa ukakosekana. Tulipanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, tukala unga wa njano mpaka tukausahau mweupe. Nani angeleta mguu wa mashine ya boti? Baba alipita dukani kila Jumamosi, na jibu lilikuwa lilelile, na alirudi akisema lilelile: "Mguu ukipatikana, tunaondoka."

Na mashine isiyowashwa inaganda. Hivyo Jumapili pipa likaendelea. Alasiri za Jumapili, siku ambazo magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani, mtaa ulikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu anatwanga nyumba ya tatu, na katika kimya hicho mashine ya Baba ilisikika mpaka karibu na soko. Ndoo zikaendelea kuja. Mwanzo kwa ajili ya tamasha, baadaye kwa mazoea, na mwisho, nadhani, kwa huruma, ingawa huruma haikutajwa. Mtani wake alimpa jina, Nahodha wa Pipa.

"Nahodha, leo tunaelekea wapi?"

"Kaa chini usije ukazama," Baba alimjibu. "Watu wa bara hamjui kuogelea."

Tulicheka kila Jumapili. Maji yale yakishazungukwa na panga yalikuwa na utando wa oili, hayakufaa kupikia, tulioshea uani na choo. Mama alilalamikia moshi, alilalamikia kelele, alilalamikia pipa lililokula nafasi ya jiko lake. Nami niliamini anaichukia mashine ile, kwa maana ilikuwa inataka kumchukua mumewe, na yeye pia, impeleke mahali asipopajua.

Nikakua. Kifua cha Baba kikaanza kumsumbua, kile kikohozi cha watu wa karakana. Mwanzo alipumzika kati ya mvuto mmoja wa kamba na mwingine. Baadaye mtani akawa anamvutia, naye Baba anakaa kwenye kigoda, mkono juu ya kichwa cha mashine. Petroli ilipokosekana kabisa walijaza pipa hivyohivyo, akaizungusha kwa mkono, taratibu, ili tu mafuta yatembee ndani. Jumapili moja hakutoka chumbani. Hatukuwa na haja ya kuulizana.

Alikufa asubuhi, wakati wa chai. Na kitu cha kwanza nilichokiona nilipotoka uani nikiwa sijui nafanya nini, zilikuwa ndoo. Maji ya kumwosha. Bomba lilikuwa kavu siku ile, na hakuna aliyeitwa, hakuna aliyetangaza. Walikuja wenyewe, chumba kwa chumba, nyumba kwa nyumba, kila mtu na ndoo yake, wakamimina katika pipa safi la mwenye nyumba. Nilisimama nikawaangalia mpaka nikashindwa, nikakaa chini.

Jeneza lilipotoka, mtani wake alisimama mlangoni akazuia njia, kama ilivyo haki ya watani. Alivaa kofia ya Baba. Akajifanya anavuta kamba ya mashine, akavuta, akatega sikio, akavuta, akasema, "Nahodha, leo mbona haiwaki?" Watu walicheka, ndiyo kazi ya mtani, kuwafanya watu wacheke siku hiyo. Kisha akavuta tena na mkono ukabaki hewani, uso ukamharibika, na wakaja wawili wakamshika wakamwondoa njiani.

Tangazo la kifo lilisomwa redioni, na baba mdogo alilisikia huko kusini. Alifika mazishi yamepita, mikeka bado imetandikwa. Alisalimia, akalia, akapewa maji. Halafu akatoka uani, nikamwona amechuchumaa mbele ya mashine. Aliinyoosha shubiri yake, akaupima mguu wa mashine kutoka juu mpaka chini. Akaupima tena.

Jioni alikaa nje ya mlango wa chumba cha Mama. Mama alikuwa amekaa eda, haonekani, pazia limeshushwa. Wakazungumza hivyo.

"Shemeji," akasema, "tumerudi horini."

Akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Watu wamerudi kidogo kidogo. Siku hizi hakuna anayewauliza. Nimeunda mashua, nyuma yake fupi, kama ya baba. Niliifanya kwa ajili ya mashine hii."

"Mbona hukumtumia salamu?" Sauti ya Mama ilitoka nyuma ya pazia, kavu.

"Nilitaka niimalize kwanza. Nilitaka aje aione imeshakaa majini." Akainamisha kichwa. "Niliogopa kumwita nikiwa na mbao tu."

Basi hao ndio ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja aliona aibu kuuliza, mwingine akaona aibu kusema, na kati yao ikapita miaka yote ile ya Jumapili. Nilimkasirikia sana baba mdogo usiku ule. Siku hizi simkasirikii, namhurumia. Kumbe wakati Baba anazungusha mashine kwa mkono pipani, mashua ilikuwa inaundwa.

Baada ya khitma baba mdogo akasema ataondoka nayo, kama Mama ataridhia. Mama aliridhia. Lakini ilibidi kwanza ijulikane kama bado nzima. Mtani akaenda kutafuta petroli, akarudi na chupa ya soda isiyojaa, sijui aliipata wapi. Na ndoo zikaja tena, kwa mara ya mwisho. Pipa likajaa. Baba mdogo akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena, ikawaka.

Uani kote kukajaa mlio ule na moshi wa bluu. Tulisimama tu, watu wazima na watoto, kama watu wanaongojea kuambiwa kitu. Baba mdogo alisikiliza kidogo, akaridhika, akapeleka mkono kwenye kizimio.

"Mwambie asizime."

Alikuwa Mama, nyuma ya pazia. Niliinama nikasikiliza vizuri, nikidhani sikumsikia.

"Mwambie asizime," akarudia. "Aiache."

Nikamwambia. Baba mdogo akaondoa mkono, akarudi nyuma, akaiacha. Iliunguruma peke yake, hakuna mkono juu ya kichwa chake, mpaka petroli ilipokwisha na ikajizima yenyewe. Baada ya hapo nilisikia Mama akilia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Wanawake walikuwa wameshangaa kwa nini halii.

Mashine ilikwenda kusini imefungwa kwenye kanga ileile. Nilisikia ilifanya kazi misimu kadhaa, halafu sikusikia tena, na baba mdogo naye sasa ni marehemu. Mama amelala karibu na Baba. Nyumba yetu imevunjwa. Pamesimama ghorofa refu la maduka ya simu na vitenge, na kila sakafu ina tangi lake la maji na pampu yake. Hakuna anayeweka ndoo foleni, na hilo ni jema, sitamani mtu yeyote akeshee maji. Ila najiuliza, mtu wa ghorofa ile akihitaji pipa lijae, atasimama mlango gani atangaze? Hamjui hata jirani yake. Mimi mwenyewe, huku ninakokaa, wangu siwajui.

Yule kijana wa dukani aliniona bado nazitazama mashine, akarudia swali lake kwa upole, akidhani sikumsikia. "Mguu mfupi au mrefu, mama?"

"Mfupi," nikasema.

"Sawa. Lakini mashua umeipima?"

Nikaweka kiganja juu kidogo ya goti langu.

"Naijua," nikamwambia, nikatoka bila kununua pampu.